Chuma Kilichopikwa na Ardhi

Jiwe likipigwa nyundo huvunjika. Anayepasua kokoto kando ya barabara analijua hilo, na sikio lake limezoea mlio mkavu wa jiwe linaposalimu amri. Lakini katika kisiwa cha Disko, pwani ya magharibi ya Greenland, huko kaskazini ambako jua la kiangazi halizami, kuna mawe meusi yenye tabia nyingine. Ukiligonga jiwe la aina hiyo, mwili wake humeguka vipande vipande, na katikati ya vumbi hubaki punje za kijivu, nyingine ndogo kama mtama, nyingine kubwa kama mbaazi. Punje hizo hazivunjiki. Ukizidi kuzigonga hulala, hutanuka, na mwisho unabaki na kisahani chembamba mfano wa sarafu. Ni chuma. Sisemi mtapo wa chuma, yaani jiwe ambalo chuma kimo ndani kimefungamana na vitu vingine. Nasema chuma chenyewe, kinachodakwa na sumaku, kinachonoleka kikakata ngozi na nyama. Wala hakuna mhunzi aliyewasha tanuri ili kipatikane. Hoja yangu leo ni kwamba chuma hiki hakikuanguka kutoka mbinguni, kama wataalamu wakubwa walivyoamini kwa miaka kadhaa, na wala hakikupanda kutoka kiini cha dunia. Kilipikwa karibu na uso wa ardhi, kwa kanuni ileile aliyoitumia mhunzi wa Buhaya au wa Ufipa, na ushahidi wa hayo haukai ndani ya chuma peke yake. Unakaa zaidi katika jiwe lililokibeba.

Kwanza tuelewe kwa nini punje ya chuma ndani ya jiwe iwe jambo la kushangaza. Chuma si kitu haba. Kwa uzito, ni karibu asilimia 5 ya gamba la dunia, na ukiihesabu dunia nzima pamoja na kiini chake, kinafikia kama theluthi moja. Dhahabu, ambayo watu wanauana kwa ajili yake, ni chembe tu mbele ya wingi huo. Hata hivyo dhahabu tunaikuta ikiwa dhahabu: mchimbaji wa Geita anaweza kuchekecha mchanga akaona kipunje cha manjano kikimwangalia. Chuma hatukikuti hivyo. Sababu ni tabia. Dhahabu ni kama mtu asiyehitaji ndoa. Hukaa peke yake miaka milioni bila kujishikiza kwa yeyote. Chuma hakiwezi upweke. Kikikutana na oksijeni hushikamana nayo, na kikilowa maji hushikamana nayo upesi zaidi. Ule wekundu wa udongo wetu, unaochafua kanzu na viatu msimu wa mvua, ni chuma kilichokwisha kuolewa na oksijeni. Tunatembea juu ya kutu. Kwa hiyo uadimu wa chuma asilia si wa idadi, ni wa mazingira: inabidi pawepo mahali ambapo oksijeni imeondolewa kwa nguvu, na kisha pawepo kitu cha kuulinda huo utupu mpaka chuma kipoe. Sehemu za namna hiyo katika uso wa dunia zinahesabika kwa vidole.

Ipo njia moja ambayo chuma kisicho na kutu hutufikia bila tabu, nayo ni angani. Vimondo vya chuma ni vipande vya sayari ndogo zilizovunjika zamani sana, na vikianguka huja na chuma kilichochanganyika na nikeli. Tanzania tunacho kimoja maarufu, kile cha Mbozi mkoani Songwe, chenye urefu wa kama mita 3, ambacho wenyeji walikijua na kukiheshimu kabla ya habari zake kuingia katika maandishi ya serikali ya kikoloni mwaka 1930. Ndani yake chuma ni kama asilimia 90, na nikeli ni zaidi ya asilimia 8. Kiasi hicho cha nikeli ni kama alama ya kabila: vimondo vya chuma kwa kawaida havishuki chini ya asilimia 5 hivi. Alama ya pili huonekana ukikikata kimondo, ukakisugua mpaka kikawa kioo, kisha ukakiosha kwa tindikali. Hutokea mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Inaitwa kwa jina la Alois von Widmanstätten, aliyeiona Vienna mwaka 1808, na hutokea kwa sababu aina mbili za mchanganyiko wa chuma na nikeli hutengana polepole mno, kwa mwendo wa digrii chache au mamia machache katika kila miaka milioni moja. Hakuna tanuri la binadamu lenye subira hiyo.

Basi mtu wa karne ya 19 aliyekuta chuma kitupu ardhini alikuwa na haki ya kutazama juu kwanza. Na huko Greenland kulikuwa na sababu ya ziada. Mwaka 1818 nahodha Mwingereza John Ross alikutana na Wainuiti wa kaskazini, karibu na Rasi ya York, akawakuta na visu ambavyo makali yake yalikuwa vipande vya chuma vilivyopachikwa katika mifupa. Watu hao hawakuwa na matanuri, na wala hawakuwa na kuni za kuwasha moja. Walisema chuma chao kilitoka mlimani, katika mawe makubwa. Baadaye ilithibitika kwamba mawe hayo ni vimondo kweli. Robert Peary aliyafikia mwaka 1894, na mwaka 1897 akalisafirisha kubwa kuliko yote, lenye tani 31 hivi, ambalo sasa lipo katika jumba la makumbusho mjini New York. Lakini hata kabla ya hapo Greenland ilikuwa tayari ikidhaniwa kuwa nchi ya chuma cha mbinguni, pale Adolf Erik Nordenskiöld wa Sweden alipofika Disko mwaka 1870. Wenyeji walimwelekeza mahali paitwapo Uivfaq, ufukweni kusini mwa kisiwa, na hapo akakuta mabonge ya chuma yamelala kati ya maji kupwa na maji kujaa. Lililo kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 20. Mwaka uliofuata zilikuja meli kuyachukua. Hilo kubwa likaenda Stockholm, jingine likaenda Copenhagen.

Nordenskiöld alitangaza kwamba ni vimondo, na tusimwone mzembe. Alikuwa na mabonge yenye uzito ambao hakuna aliyepata kuuona katika chuma cha ardhini. Ndani yake palikuwa na nikeli. Palikuwa na madini ambayo mpaka siku hiyo yalijulikana zaidi ndani ya vimondo kuliko popote. Aliona pia kwamba chuma kimo hata ndani ya mwamba wa basalti uliokuwa karibu, yaani zaha ya kale iliyoganda, na hilo akalieleza kwa kusema kwamba mvua ya vimondo ilianguka wakati zaha bado ni uji, ikazama ndani yake. Maelezo hayo yana mantiki. Tatizo lake ni kwamba yanategemea ajali moja, na ajali moja haiachi alama popote isipokuwa pale ilipotokea.

Aliyelishika tatizo hilo na kulivuta mpaka mwisho ni Mdenmark, Knud Steenstrup. Hakukaa maabara akipima mabonge yaliyokwisha kuhamishwa. Alizunguka kisiwa na nchi jirani, kiangazi baada ya kiangazi, akiangalia miamba yenyewe, na kule Assuk, mbali na Uivfaq, akakuta punje za chuma ndani ya basalti isiyo na bonge lolote la kufanana na kimondo. Punje zilikuwa zimetawanyika katika jiwe zima, kama kunde katika wali. Chuma hicho kilikuwemo hata katika zile kuta za mawe ambazo wanajiolojia huziita daiki, yaani nyufa za ardhi zilizojazwa uji uliopanda kutoka chini. Hapa ndipo hoja ya mvua ya vimondo inapokosa pa kusimama. Kitu kilichoanguka kutoka juu kinaweza kuzama katika ziwa la zaha. Hakiwezi kuzama katika zaha nyingi za vipindi mbalimbali, katika sehemu zilizo mbalimbali, na pia kikawa kimeingia katika ufa ambao ulijazwa kutoka chini kwenda juu. Mwaka 1875 Steenstrup aliandika hivyo kwa uwazi, na kufikia mwaka 1879 mkemia Mmarekani J. Lawrence Smith alikuwa amekwisha kupima vielelezo vingi akakubaliana naye.

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini nikeli je? Ikiwa nikeli ni alama ya kabila la vimondo, imefikaje humu? Swali hili ni zuri, na jibu lake, kwa maoni yangu, ni ushahidi mtamu kuliko wote. Chuma cha Disko kina nikeli kidogo, mara nyingi asilimia 1 au 2, pengine chini zaidi, na mara chache hukaribia 4. Hicho si kiwango cha vimondo. Lakini hata hicho kidogo lazima kitoke mahali. Uji wa mawe unaotoka kilindini huwa na nikeli yake, imetawanyika kwa kiasi kidogo sana. Nikeli ina tabia moja: pakitokea tone la chuma katika uji huo, huuacha uji na kukimbilia chumani, na shaba na kobalti na platini hufanya vivyo hivyo. Basi kama chuma cha Disko kilizaliwa ndani ya zaha, ile zaha inayokizunguka lazima iwe imeporwa nikeli yake. Kama kilianguka kutoka juu kikiwa na nikeli yake mfukoni, zaha itakuwa haijapungukiwa kitu. Wataalamu walipozipima basalti zenye chuma na kuzilinganisha na zile za jirani zisizo na chuma, walikuta zile zenye chuma zimefilisika: nikeli imepungua, shaba imepungua, metali za jamii ya platini zimepungua. Mali iliyomo ndani ya punje ndiyo iliyokosekana nje yake.

Wengine walikubali kwamba chuma hakikushuka, wakadai kilipanda. Dunia ina kiini cha chuma na nikeli. Kwa nini volkeno isiwe imeleta kipande chake juu? Dhana hiyo inavutia, ila ina mambo matatu yanayoipinga. Kiini kipo kilomita 2,900 chini yetu, na chuma ni kizito mara mbili na zaidi ya uji wa mawe. Uji hauwezi kukibeba umbali huo, kingezama njiani. Pili, kiini kinakadiriwa kuwa na nikeli kiasi cha asilimia 5, na hapa tunaikuta chini ya hapo. La tatu ndilo zito: zaha za Disko ambazo hazikugusana na tope la kale wala makaa ya mawe hazina chuma hiki. Kama mzigo ungekuwa umetoka kilindini, ungeletwa na zaha zote, safi na chafu. Unaletwa na zile chafu tu.

Neno hilo, chafu, ndilo linalotufikisha jikoni. Miaka milioni 60 hivi iliyopita, Greenland ilipokuwa ikianza kuachana na nchi zilizopakana nayo, uji wa mawe ulipasua ardhi ya Disko ukapanda. Njiani ulikutana na matabaka ya mchanga, tope jeusi lililogandamana, na makaa ya mawe, mabaki ya misitu na vinamasi vya kale. Si makaa ya kubahatisha. Katika kijiji cha Qullissat, kisiwani hapohapo, watu walichimba makaa ya mawe kuanzia mwaka 1924 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1972. Uji ulimeza mabonge ya tope hilo jeusi. Tope likaungua, kaboni yake ikaingia katika uji, na uji ulikuwa na chuma tele ambacho kilikuwa kimeshikwa na oksijeni. Sasa mkumbuke mhunzi. Anapanga mtapo na makaa ya kuni katika tanuri, wasaidizi wake wanavukuta mivuo, moto unapanda. Kinachotokea ndani si kuyeyuka tu, kama watu wengi wanavyofikiri. Kaboni ya makaa huipenda oksijeni kuliko chuma kinavyoipenda katika joto lile, huinyakua na kutoka nayo kama gesi, na chuma kinaachwa mjane. Huko Buhaya, ambako chuma kiliyeyushwa kwa zaidi ya miaka 1,500, mafundi walizitumia pia nyasi za kinamasi zilizounguzwa ndani ya shimo la tanuri, zikawa ngome ya kaboni iliyoshika mtapo. Ufipa walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo. Disko nayo ilikuwa na kila kitu isipokuwa mafundi: mtapo ulikuwa ndani ya uji, makaa yalikuwa katika tabaka lililopasuliwa, na joto lilikuwa la volkeno.

Atainuka fundi chuma na kupinga, na ni haki yake. Chuma safi, atasema, huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na zaha ya basalti ina joto la kama nyuzi 1,200. Matone ya chuma yatapatikanaje? Jibu analo mwenyewe katika karakana za kusubu. Chuma kilichonyonya kaboni hulainika mapema. Kikifika karibu na asilimia 4 ya kaboni huyeyuka kwenye nyuzi 1,150 hivi. Na chuma cha mabonge ya Uivfaq kina kaboni kati ya asilimia 1.7 na 4. Kimsingi ni chuma cha kalibu, kama cha sufuria nzito za zamani, isipokuwa hiki kilisubiwa bila kalibu. Matone yalikuwa uji mzito ndani ya uji mwepesi, yakazama, yakakutana, yakajumuika, na pale yalipotulia mahali pamoja yakawa bonge la tani kwa tani. Katika tanuri la mhunzi, uchafu unaobaki baada ya chuma kutoka tunauita mavi ya chuma, na magofu ya matanuri ya kale ya Kagera hutambulikana kwa mavi hayo yaliyotapakaa. Disko tunatafuta mavi ya chuma wapi? Tumekanyaga juu yake. Zaha yenyewe iliyoporwa nikeli yake ndiyo mavi ya chuma, unene wa mwamba mzima.

Tukikikata sasa kipande cha chuma hiki, tukakisugua na kukiweka chini ya hadubini, mambo yanazidi kunoga. Katikati ya kijivu cha chuma kuna vipande vyeupe vigumu vinavyong'aa kuliko chuma chenyewe. Hiyo ni koheniti, ambamo kila atomu 3 za chuma zimeshikana na moja ya kaboni. Kuna vijiti vyeusi vya grafiti, ileile ya ndani ya penseli. Kuna troiliti, chuma kilichoshikana na salfa, yenye rangi ya shaba iliyofifia. Hayo ndiyo madini yaliyomshawishi Nordenskiöld, maana koheniti na troiliti ni wenyeji wa vimondo. Lakini madini hayatangazi kwao. Yanatangaza hali yaliyozaliwa nayo. Mahali popote penye chuma, penye kaboni na pasipo oksijeni, koheniti itazaliwa, iwe angani, iwe Disko, iwe katika kiwanda cha chuma, ambako mafundi huiita sementiti. Mfano ulio wazi kuliko huo ulikuja baada ya mwaka 1969. Wanaanga wa Apollo 11 waliporudi na mawe ya mwezini, ndani yake palionekana madini mapya ya titani, chuma na magnesi, yakapewa jina la armalkoliti, kutokana na herufi za mwanzo za Armstrong, Aldrin na Collins. Mwezini hakuna hewa wala maji ya kukioksidisha chuma. Baadaye armalkoliti hiyohiyo ilitambuliwa katika mawe ya Disko. Hakuna aliyedai kwamba kisiwa hicho ni kipande cha mwezi. Kilichotokea ni kwamba, kwa muda mfupi, ndani ya uji uliochafuliwa na tope la misitu, oksijeni ilipungua mpaka pakafanana na mwezini.

Kaboni nayo imetoa ushahidi wake. Mimea inapojenga mwili wake huchagua zaidi kaboni iliyo nyepesi, na upendeleo huo hubaki hata mmea ukigeuka makaa. Kaboni iliyomo katika chuma cha Disko ina wepesi huohuo. Kwa hiyo kaboni iliyokiachisha chuma hiki na oksijeni ilikuwa zamani katika majani na magome. Sijui jambo jingine katika elimu ya madini linalounganisha vitu vilivyo mbali hivi, kinamasi na kisu, kwa mlolongo mfupi namna hii.

Linabaki pingamizi moja ambalo naliona lina nguvu kuliko mengine. Volkeno na makaa ya mawe vimekutana mara nyingi katika historia ya dunia. Ikiwa maelezo haya ni sahihi, chuma asilia kingepaswa kuwa kila mahali, na hakipo. Ni kweli vipo vituo vingine. Huko Bühl karibu na Kassel, Ujerumani, basalti ilipita katika makaa machanga ya kahawia ikaacha mabonge ya chuma. Siberia ya kaskazini, ambako zaha nyingi mno zilimwagika miaka milioni 250 hivi iliyopita, kimepatikana pia ndani ya miamba iliyopenya matabaka ya makaa. Lakini orodha yenye uzito haiendi mbali zaidi ya hapo. Jibu limo katika masharti ya tanuri lenyewe. Kaboni inapoichukua oksijeni hutoa gesi, na gesi inahitaji nafasi ya kutokea. Uji ukiwa kilindini, mgandamizo wa miamba huizuia gesi na kazi hukwama. Mkutano lazima utokee karibu na uso wa ardhi. Lakini ukiwa juu kupita kiasi, hewa na maji vitaingia na kukirudisha chuma kutuni kabla hakijapoa. Tope lazima liwe jingi, likorogwe vizuri katika uji, na lisiwe na salfa nyingi, kwani salfa ikizidi huinyang'anya kaboni ushindi na chuma hufuata njia nyingine. Njia hiyo nyingine tunaijua hapa kwetu. Huko Kabanga, wilayani Ngara, uji wa mawe ulimeza miamba ya tope yenye salfa, na badala ya chuma kitupu yakatokea matone ya salfa yaliyokusanya nikeli, yakawa mtapo wa nikeli unaotajwa leo kila yanapozungumzwa madini ya betri. Mlo tofauti, tumbo lilelile. Ndiyo maana watafutaji wa nikeli na shaba wameurudia mwamba wa Disko katika miaka ya karibuni: wanajua kwamba zaha zilizoporwa zinadokeza kuwa mali imezama mahali fulani chini.

Hata baada ya kuzaliwa, chuma hiki kiliponea chupuchupu. Kilichokilinda miaka milioni 60 ni vazi la basalti na baridi ya nchi. Mabonge ya Uivfaq yalipofikishwa katika vyumba vyenye joto vya Ulaya, baadhi yalianza kutoa jasho la rangi ya kutu, yakapasuka, yakamomonyoka kuwa unga na vipande. Chumvi kidogo ndani ya nyufa, unyevu kidogo wa hewa ya chumbani, na kazi ya muda wote huo ikaanza kubomoka mbele ya macho ya walinzi wa makumbusho. Watu walilazimika kuvihifadhi vipande vingine ndani ya pombe, kama vile ni viumbe. Chuma cha vimondo nacho hupata kutu, lakini nikeli yake nyingi hukisaidia kustahimili. Cha Disko hakina ngao hiyo.

Na hapo ndipo visu vinaporudi. Mwaka 1985 Vagn Buchwald na Gert Mosdal wa Denmark walichapisha uchunguzi wa vyuma vya zamani vya Greenland, visu na vichwa vya zana vilivyohifadhiwa katika makumbusho, wakavipanga kwa kutazama ndani ya chuma chenyewe. Ubapa wa kisu mwingine huwa na upana usiozidi ukucha, umekaa katika ufa wa mfupa wa nyangumi au pembe ya mnyama wa bahari ya kaskazini, visahani viwili vitatu vimepangwa kufuatana kufanya makali. Ukipata nikeli asilimia 7 au 8 na ukili wa mkeka uliopondwapondwa na nyundo, hicho ni chuma cha Rasi ya York, kimetoka angani. Ukipata mistari mirefu ya mavi ya chuma iliyonyooshwa pamoja na chuma, hicho kimetoka katika tanuri la watu, Waskandinavia wa kale au wavua nyangumi waliokuja kwa meli. Ukipata nikeli kidogo, na ndani yake chembe nyeupe za koheniti, umeshika punje ya Disko, imetolewa katika basalti kwa kupigwa mpaka jiwe likaiacha. Wapo waliodhani Wainuiti waliokota tu kilichowaangukia. Kukitoa chuma hiki kunahitaji kulitambua jiwe lenye punje kati ya maelfu yasiyo nazo, kwa uzito wake mkononi na kwa kutu hafifu juu ya ngozi yake, halafu kuzigonga punje bila moto mpaka zitanuke bila kupasuka, huku koheniti ikiwa tayari kuzipasua wakati wowote. Walichagua punje zenye kaboni kidogo, zile laini, ingawa hawakuwa na neno kaboni. Mabonge makubwa ya Uivfaq, magumu kama chuma cha kalibu, hayakufaa kitu kwa nyundo ya jiwe.

Mwaka 1879, mahali paitwapo Ekaluit, Steenstrup alikuta kaburi la Mwinuiti. Ndani yake, pamoja na visu vya mfupa vyenye makali ya chuma, palikuwa na vipande 9 vya basalti vilivyobebwa hadi hapo na kulazwa karibu na marehemu. Alivitazama kwa karibu. Ndani ya kila kimoja zilikuwemo punje za chuma, bado hazijagongwa.